Msafiri, Andika Jina Lako

Vijana wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, ninyi mnaovuka mpaka kwenda kutafuta riziki Lusaka, Lubumbashi na hata Johannesburg, leo nina neno nanyi juu ya kulala ugenini. Wengi wenu husafiri peke yenu, fedha ni ya kuungaunga, na giza likiingia mnatafuta gesti ya bei nafuu. Hapo hamjakosea. Anayelala pa bei ndogo ili asiguse mtaji ana akili kuliko anayelipia chumba chenye kiyoyozi, kisha asubuhi akapungukiwa fedha ya mzigo. Hata Ulaya jambo hili lilianza kwa nia hiyohiyo: mwalimu mmoja wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alifungua bweni la vijana wasafiri katika ngome ya Altena mwaka 1912, na leo watu wasiofahamiana wanalala chumba kimoja, huyu dabodeka ya juu, yule ya chini, wala hakuna anayeona haya.

Ugomvi wangu uko kwenye kitabu cha wageni.

Kila aliyelala gesti anakijua. Daftari kubwa, pembe zimejikunja, kalamu imefungwa uzi isiibiwe. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Mgeni anaandika nini? Jina la kwanza John, la pili John. Kazi: biashara. Katoka Mbeya, anakwenda Mbeya. Mhudumu haulizi, anapokea hela, anatoa ufunguo, taulo na kandambili. Kwa aliyejificha katika mji wake mwenyewe kwa sababu anazozijua, hayo ni yake na mkewe, mimi simo. Lakini wewe uliye peke yako nchi ya watu, daftari hilo huenda likawa shahidi pekee kwamba ulifika. Ukizidiwa na malaria usiku wa manane, au ukigongwa na gari nje ya geti, polisi wataanzia hapo. Wakimkuta John John wa Mbeya, wamtafute nani? Ndugu zako watapiga simu isiyopokelewa mpaka wachoke, na ubalozi wetu ulioko Lusaka hauna pa kuanzia.

Kinachotuponza watu wa mpakani ni mazoea. Nakonde tunaiona mtaa wa pili tu. Wanyamwanga wako huku na wako kule, wabadilisha fedha wanakufuata na mabunda ya kwacha kabla hujauliza, na kinachokukumbusha kwamba umetoka kwenu ni saa, maana ukivuka inarudi nyuma saa moja. Basi kijana anaondoka kama anayekwenda sokoni, anadandia basi, na kesho yake yuko Lusaka, kilomita zipatazo 1,000 kutoka mpakani, hana pasipoti wala mtu anayejua amelala wapi. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, ni kweli. Lakini kutoombwa viza si ruhusa ya kupita bila hati. Tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jirani. Pita hapo, ugongewe muhuri.

Najua watakaonipinga, hasa akina mama na dada wanaofuata bidhaa peke yao, na hoja yao ni nzito. Daftari hulala wazi juu ya kaunta. Mwanamume yeyote aliyeingia kununua soda anasoma: mwanamke, yuko peke yake, chumba namba 6. Kwa nini asidanganye, kuliko kugongewa mlango saa nane usiku? Dada zangu, hofu hiyo ina msingi, ila jina la uongo halimzuii mgongaji; yeye shida yake ni namba ya chumba. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha simama palepale mpaka daftari lifungwe na kuwekwa ndani. Mhudumu akikataa, beba begi lako, gesti hazijaisha. Kabla ya kulipa, kalijaribu komeo la ndani, usiridhike na kitasa, kwa sababu hujui funguo zake nyingine wanazo akina nani. Laini ya simu ya huko inunuliwe siku ya kwanza, na ujumbe wa kwanza uende nyumbani: jina la gesti, mtaa, na namba iliyoandikwa kwenye risiti.

Nanyi wenye gesti wa Tunduma, msijifanye hamhusiki. Vyumba vyenu vinalaza Wazambia, Wakongo na madereva waliokwama kwenye foleni ya malori, nao wana mama zao wanaosubiri simu. Mhudumu anayemwambia mgeni "andika chochote" mwelekezeni aombe kitambulisho, alinganishe jina, halafu afunge daftari. Kama tatizo ni droo ya kulifungia, fundi seremala wa pale Sogea anaitengeneza kwa siku moja, pamoja na kufuli yake.