Maoni: Tetris ya zamani isiishie kwenye takataka za Lubumbashi

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, kuanzia komine ya Kenya hadi Katuba na Ruashi, kuna sanduku au droo ya vitu vya umeme vilivyokufa: simu za vibonye, redio ndogo, chaja zisizo na kazi. Mara nyingine humo mna pia kidude cha plastiki chenye kioo cha kijivu, ambacho watoto wa miaka ya 1990 walikiita Tetris. Nyumba ikisafishwa, kidude hicho hutupwa au huenda na vyuma chakavu. Wakati huohuo vijana wanasoma kwenye simu zao kwamba michezo ya video ya zamani inauzwa Marekani kwa pesa nyingi ajabu, na wanajiuliza kama kile cha kaka yao ni mali.

Jibu ni kwamba hakitamtajirisha mtu. Lakini pia si takataka, na kukitupa ni hasara ambayo mji huu umekwisha kuionja katika mambo makubwa zaidi.

Tetris ilibuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovyeti. Kompyuta aliyotumia, Elektronika 60, haikuweza hata kuonyesha picha, kwa hiyo vipande vya kwanza vilichorwa kwa alama za maandishi tu. Mchezo ulivuka mipaka, na mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikauuza pamoja na mashine yake ndogo ya mkononi, Game Boy. Faida zilikwenda kwa makampuni na kwa serikali ya Moscow. Pajitnov mwenyewe alianza kupata haki yake kutokana na mchezo huo mwaka 1996 tu.

Kilichofika kwenye meza za wauzaji wa Lubumbashi kwa kawaida hakikuwa Game Boy. Kilikuwa kidude cha bei ndogo kutoka China, kilichoandikwa Brick Game, mara nyingi na maneno ya kujisifu kwamba kina michezo 9999 ndani yake. Kwa kweli ilikuwa michezo michache iliyorudiwa kwa kasi tofauti. Hata hivyo, ule wa kwanza ulikuwa Tetris, na huo ulitosha.

Kanuni zake zinaelezwa kwa dakika moja. Kuna vipande vya aina 7, kila kimoja kikiwa na miraba 4. Vinashuka kutoka juu kimoja kimoja katika uwanja wenye upana wa miraba 10 na urefu wa 20. Mchezaji anavigeuza na kuvisogeza ili vijaze mstari mzima, na mstari ukijaa unafutika. Akiacha shimo, mrundikano unapanda. Ukifika juu, mchezo umekwisha.

Ugumu unakuja baadaye. Kasi inaongezeka, na mchezaji anatakiwa kuamua sasa hivi: ajaze mstari mmoja na kupumua, au aache nafasi ya safu moja pembeni akisubiri kipande kirefu kitakachofuta mistari 4 kwa pamoja? Anayesubiri hupata pointi nyingi, lakini kipande kile kikichelewa anaanguka. Ni elimu ya kupanga, kuvumilia na kukubali hasara ndogo ili kuepuka kubwa. Tena haihitaji kusoma Kifaransa wala Kiingereza. Mtoto wa Kiswahili, wa Kibemba au wa Tshiluba anaanza sawa na mtoto wa waziri.

Uzuri huo haujazeeka. Desemba 2023, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 13 alicheza Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka mashine yenyewe ikakwama, katika ngazi ya 157. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna binadamu aliyekuwa ameufikisha mchezo huo hapo. Michezo mingi ya leo itakuwa imesahauliwa kabla ya kufikia umri huo.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo vijana wanaweza kudanganywa. Julai 2021, kaseti moja ya mchezo wa Super Mario 64, ikiwa bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani, iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola milioni 1.56. Habari kama hiyo inamfanya mtu adhani kila kitu cha zamani ni dhahabu. Sivyo. Tetris yenyewe ya Nintendo iliuzwa kwa mamilioni, na kwa hiyo kaseti yake bila sanduku si ghali. Ile ya kampuni ya Tengen, iliyotoka pia mwaka 1989, inatafutwa zaidi na wakusanyaji kwa sababu Nintendo ilishinda mahakamani na kaseti hizo zikaondolewa madukani baada ya muda mfupi.

Somo ni hili: umri peke yake hauleti bei. Wakusanyaji wanalipia uhaba, sanduku na karatasi za maelezo, hali nzuri ya kifaa, na historia inayoweza kuthibitishwa. Brick Game, ambayo kwa sehemu kubwa ni nakala isiyo na idhini, haina karibu chochote kati ya hivyo. Kijana akiambiwa atoe franka zake kununua kidude kama hicho kwa bei ya juu ili akiuze tena Ulaya, afunge mfuko wake.

Lakini bei ya mnada si kipimo cha pekee cha thamani, na Lubumbashi inalijua hilo kuliko miji mingi. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa pesa ya mababu, leo ni pambo kwenye kabati za wakusanyaji wa ng'ambo. Katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliuza picha zake kwa bei ndogo kwa watu wa kawaida, wakazitundika sebuleni. Zaidi ya 100, zinazosimulia historia ya nchi, alizichora kwa ajili ya mtafiti Johannes Fabian, na leo ziko katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Mtu wa Kamalondo anayetaka kuziona anahitaji viza. Kitu kikiwa cha kila siku hakihesabiwi, na kikianza kuhesabiwa kiko mbali.

Wapo watakaosema: mji una shida ya maji na ya umeme, wanafunzi hawasomi, halafu mtu anazungumzia vidude vya watoto? Hoja hiyo ina uzito. Mzazi anayemwondolea mtoto simu usiku kabla ya mtihani hana kosa. Ila kidude kinachotumia betri ndogo, kisicho na intaneti, kisicho na matangazo wala michezo ya kubahatisha, ni cha heri kuliko vingi vinavyomeza vifurushi na pesa za vijana leo. Tena kinaendelea kufanya kazi SNEL inapokata umeme.

La kufanya halihitaji bajeti kubwa. Mwaka 2000 ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walikusanya masimulizi ya wakaaji na kuonyesha kuwa vitu vya kawaida vya nyumbani ni sehemu ya historia ya mji. Kazi hiyo inaweza kupanuliwa kwa kizazi kilichofuata: rafu moja katika Jumba la Makumbusho la Lubumbashi kwa simu za kwanza, kaseti na michezo ya mkononi, pamoja na majina ya mitaa ilikochezwa na maneno ya waliocheza.

Watengenezaji wa simu waliopanga meza zao barabarani nao wana nafasi yao. Wengi wanajua kusafisha mguso ulioshika kutu na kuunganisha upya waya uliokatika. Kidude kilichofufuliwa mbele ya mwanafunzi kinamfundisha umeme vizuri kuliko mchoro ubaoni.

Katanga inachimba shaba na kobalti, Kivu inachimba koltani, na madini hayo yanarudi nchini kama vifaa ambavyo tunavitupa vikichoka. Ni mzunguko ambamo Mkongo anaonekana mwanzoni kama mchimbaji na mwishoni kama mtupaji. Kutunza kifaa kimoja, kujua kinavyofanya kazi na kumfundisha mtoto kukicheza hakutaubadili mzunguko huo kesho. Ila ni mwanzo ulio ndani ya uwezo wa kila nyumba. Kabla ya kumwaga droo ile kwenye takataka, familia iweke betri mbili mpya na kubonyeza. Kioo kikiwaka, wamwite mdogo wa nyumba.