Mlezi Asiyeitika

Siku hizi katika nyumba nyingi za Goma ameingia mlezi mpya. Hali chakula, halali usingizi, haombi mshahara ila pesa ya abonema kila mwezi. Huimba tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Mtoto akiwekwa mbele yake hunyamaza, na mama hupata nafasi ya kuwasha makala, kufua nguo na kwenda sokoni. Mlezi huyo ni ile chaneli ya televisheni iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wasioanza shule bado. Watu wengi humsifu. Mimi nataka kumshtaki, nanyi muwe waamuzi.

Shtaka langu ni moja tu: mlezi huyu haitiki.

Si zamani nilikwenda katika nyumba moja ya mtaa wa Ndosho kuwaandaa wazazi kwa ubatizo wa mtoto wao wa pili. Nilimkuta mtoto wa kwanza, mwenye miaka miwili na nusu, ameketi juu ya mkeka mbele ya kioo. Nilipiga hodi, hakugeuka. Nilimwita kwa jina, hakugeuka. Mama yake akacheka kwa furaha, akasema, “Mwalimu, umsamehe, yuko darasani. Anajifunza Kifaransa.” Na kweli, mtoto alitaja rangi tatu kwa Kifaransa, kwa sauti ileile ya katuni. Nikampa mkono na kumsalimu. Alinitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

Nyuma yake aliketi nyanya yake, aliyekimbia vita kutoka Masisi. Mama huyo mzee ajua hadithi za sungura na fisi, ajua vitendawili, ajua kwa Kihunde majina ya majani na miti ya kwao. Lakini tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza neno. Mtoto na nyanya walikuwa katika chumba kimoja, wote wawili wakitazama mahali pamoja, lakini wao kwa wao hawakutazamana.

Punde umeme ukakatika. Mtoto akalia sana. Nyanya akamvuta mapajani, akamshika mkono, akaanza kumhesabia vidole kwa Kihunde, kidole kwa kidole. Mtoto aliendelea kulia. Walipofika kidole cha nne akanyamaza. Mkono ule ulipokwisha, yeye mwenyewe akanyosha mkono wa pili.

Basi, tazameni tofauti ilipo. Kioo huuliza, “Hii ni rangi gani?” Hungoja kitambo, kisha husema, “Vizuri sana!” Mtoto akijibu sawa, kioo husema “vizuri sana.” Akikosea, “vizuri sana.” Akinyamaza, akisinzia, akitoka nje kukojoa, kioo bado husema “vizuri sana.” Nyanya hafanyi hivyo. Mtoto akikosea, atamrudisha. Akichoka, atambadilishia mchezo. Akinyosha mkono wa pili, atauhesabu. Kusema ni kuitana na kuitikiana, na mtoto hawezi kujifunza kuitikiana na kitu kisichomwona.

Najua wazazi wana sababu zao, wala sitaki kuzidharau. Nimezisikia tatu.

Sababu ya kwanza ni Kifaransa. Shule zetu zafundisha kwa Kifaransa, na mzazi ataka mwanawe aingie maternelle akiwa tayari anajua kitu. Nia ni njema. Lakini je, dawa ni hiyo? Mwaka 2003 wataalamu wa mji wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Patricia Kuhl, walitoa habari za jaribio lao. Waliwachukua watoto wachanga wa miezi tisa ambao nyumbani husikia Kiingereza tu. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na watu hai waliosema Kichina. Kundi jingine lilisikia Kichina hichohicho, kutoka kwa watu haohao, lakini katika televisheni. Mwishoni, watoto wa kundi la kwanza waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakuwazidi watoto ambao hawakusikia Kichina hata kidogo. Saa zao zilipotea bure.

Na Ufaransa kwenyewe, nchi ya lugha tunayoitamani, walifanya nini? Chaneli ya watoto wachanga iitwayo BabyTV ilianzia Israeli mwaka 2003, na BabyFirst ikafuata Marekani mwaka 2006. Zilipoanza kuingia katika nyumba za Wafaransa, baraza la nchi hiyo lisimamialo redio na televisheni liliamua, Julai 2008, kwamba chaneli za Ufaransa zisitangaze vipindi vya watoto wa chini ya miaka mitatu. Wenye kuuza chaneli za namna hiyo kutoka nchi nyingine waliamriwa kuwaonya wazazi. Tazama ajabu hii: Mfaransa amkataza mwanawe mchanga kioo, nasi twamkalisha wetu mbele ya kioo ili apate kusema kama Mfaransa!

Sababu ya pili ni kazi. Mama auzaye sambaza au ndizi katika soko la Virunga hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na akirudi mgongo wamwuma. Huyo simlaumu. Lakini nataka kumwuliza baba wa nyumba. Wewe urudiye jioni, ukachukua telekomandi, ukamtoa mtoto katika katuni ili kumwingiza katika mpira, leo umemwambia mtoto wako maneno mangapi? Huwezi kumwachia mama mzigo wote, kisha kumshangaa akimkodi mlezi wa kioo.

Tena kazi yenyewe ni shule, kama twataka. Mama achambuaye maharage aweza kuhesabu kwa sauti. Dada atwangaye sombe aweza kuimba, na mdogo wake akaitikia. Baba apandaye njia ya mawe meusi ya volkano aweza kumwonyesha mtoto chukudu, akamwuliza lina magurudumu mangapi. Mambo hayo hayaongezi hata saa moja ya kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri lake mwezi wa Aprili 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Kumbe chaneli yenyewe iko tayari saa ishirini na nne.

Sababu ya tatu ni usalama, na hapa yanipasa kuungama. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika, nasi tulilala chini, mbali na madirisha. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Nilimpa simu yenye katuni zilizohifadhiwa, nikaongeza sauti ili asisikie milio ya nje. Sioni haya kwa siku zile. Ningefanya tena. Lakini risasi ziliponyamaza, kioo hakikunyamaza. Wiki zikapita, nami niliendelea kumpa simu ile, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu niliogopa maswali yake. Siku moja akaniuliza, “Baba, wale watu walikwenda wapi?” Sikuwa na jibu. Nikamtafutia katuni. Hapo ndipo nilipojitambua: kwanza nilitumia kioo kumficha mtoto na hatari, sasa nakitumia kujificha mimi na mtoto. Wangapi kati yetu wamefika pale nilipofika?

Mwingine atasema, “Mwalimu, wewe wakataa maendeleo. Ziko programu nzuri, tena za Kiafrika.” Ni kweli, zipo. Kule Dar es Salaam, Ubongo hutengeneza Akili and Me, habari za msichana wa miaka minne aishiye chini ya mlima Kilimanjaro, na huisema kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Goma aweza kukifuata. Utafiti uliofanyika Morogoro, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto wa umri wa kabla ya shule walioitazama walipata faida katika mambo kama hesabu. Kule Nairobi, chaneli ya Akili Kids! ilianza tarehe 31 Machi 2020, bila malipo ya mwezi, wakati shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Watoto wengi hawakuwa na mwalimu mwingine wakati ule. Nani atathubutu kusema lilikuwa jambo baya?

Lakini angalieni vema. Watoto wa Morogoro hawakuwa wachanga wa mwaka mmoja, wala hawakuachwa mbele ya kioo mchana kutwa. Walionyeshwa kwa kipimo. Kipindi kina mwanzo na mwisho, na kikiisha mtoto ana kitu cha kusimulia, akipata wa kumsimulia. Chaneli haina mwisho. Haisemi kamwe, “Imetosha, mtoto wangu, nenda ukacheze.” Neno hilo lamngoja mzazi. Ugomvi wangu basi si na Akili wala na picha. Ugomvi wangu ni na mzazi anayewasha, akaondoka.

Sisi Wakristu tuna mwombezi wa televisheni, naye ni Mtakatifu Klara wa Assisi. Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1958. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda kanisani, na Mungu akamjalia kuona na kusikia ibada iliyofanyika mbali naye. Fikirini jambo hilo. Klara alionyeshwa kile ambacho hakuweza kukifikia. Hiyo ndiyo kazi halali ya televisheni, kutuletea kilicho mbali. Lakini mama hayuko mbali. Nyanya hayuko mbali. Kwa nini mtoto aletewe kwa setilaiti, kutoka juu ya mawingu, sauti ya kumwimbia, na huku mwimbaji ameketi nyuma yake juu ya mkeka?

Basi tufanye nini? Kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili, tusiwashe. Kwa aliyezidi hapo, achaguliwe kipindi kimoja, cha lugha aielewayo, kisha kizimwe. Na mtu aketi naye, amwulize alichokiona. Wakati wa kula, kioo kizimwe kwa wote, hata kwa baba na mpira wake. Na katika mashirika yetu, kina mama wa njia moja wapatane zamu: leo huyu abaki na watoto wanne, kesho yule. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Hatuhitaji fedha kulirudisha jambo hilo, twahitaji kukubaliana.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyelelewa na asiyeitika atakuwa mtu asiyeitika, na siku ya uzee wetu tutamwita, naye hatageuka.

Kesho asubuhi, kabla ya kushika telekomandi, mwite mtoto wako kwa jina. Akigeuka, ongea naye. Na kama kioo kimekwisha kuwashwa naye hageuki, kizime, umwite tena.