TAA ZA MOTOKAA ZA KWANZA

Dereva wa siku hizi hubonyeza kitufe tu, na njia yote huwa nyeupe mbele yake. Ni vigumu kwake kudhani taabu waliyoipata madereva wa kwanza, ambao motokaa zao zilikuwa wazi kwa upepo na mvua.

Tutazame Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908. Taa zake za ubavuni na ya nyuma zilikuwa za utambi na mafuta ya taa, nazo zilifaa kuonyesha kwamba hapa pana gari, wala si kuonyesha njia. Mbele palikuwa na taa mbili kubwa za shaba ya manjano zilizowaka kwa gesi ya asetilini. Kwenye ubao wa kukanyagia palifungwa chombo chenye maji juu na mawe ya kabaidi chini. Maji yalipodondokea kabaidi, gesi ilitoka ikapita katika mpira hadi kwenye taa. Ikampasa dereva ateremke, afungue kioo, awashe kwa kiberiti, kisha aende taa ya pili. Mwanga ulikuwa mkali, lakini harufu ya gesi ile, mfano wa kitunguu saumu, haikumpendeza mtu. Tena baada ya safari ilibaki chokaa ya kukwangua ndani ya chombo, na wakati wa baridi kali maji yaliganda.

Kampuni ya Prest-O-Lite, iliyoanzishwa mwaka 1904 huko Indianapolis, ilipunguza taabu hiyo kwa kuuza mitungi ya gesi iliyo tayari. Cadillac wakaleta taa za umeme katika magari yao ya mwaka 1912. Ford walifuata mwaka 1915, lakini umeme wao ulitegemea mwendo wa injini: dereva akienda polepole penye mashimo, hapo ndipo taa zilipofifia!

Leo taa zile za shaba hutafutwa sana na wenye kutunza magari ya kale. Wengine huzisugua mpaka jina la mtengenezaji likafutika, na kwa maoni yangu huo ni uharibifu. Lakini lililo baya zaidi ni fundi kutia bomba la shaba nyekundu tupu mahali pa lile lililooza. Asetilini ikikaa pamoja na shaba hiyo huweza kufanya kitu kinacholipuka kwa kugongwa kidogo tu. Bomba la chuma litafaa, na kila kiungo kijaribiwe kwa povu la sabuni kabla ya kiberiti kuwashwa.