Waacheni Wanafunzi Waandike Michezo Yao

Kila ifikapo mwezi wa Aprili, mabasi ya shule hufunga safari hadi mji ulioteuliwa kuwa mwenyeji wa tamasha la kitaifa la drama, na magazeti yakajaa picha za wanafunzi waliovalia maleba ya kila namna. Mimi ni miongoni mwa wanaolistahi tamasha hilo. Hata hivyo, liko swali ambalo sisi walimu tumelikwepa kwa muda mrefu: ni nani hasa anayeiandika michezo hiyo?

Jibu twalijua sote, ingawa aghalabu hulitaja kwa kunong'ona. Shule yenye uwezo humkodi mtunzi kutoka nje. Huja na mswada uliokwisha kukamilika, huwagawia wanafunzi nafasi zao, nao hukariri usiku na mchana.

Muhula mmoja nilialikwa na mwalimu rafiki yangu nikatazame mazoezi shuleni kwake. Msichana wa kidato cha tatu aliigiza mchuuzi wa sukumawiki. Alisimama kando ya kapu lake, akatamka: "Enyi waja mlioghariki katika lindi la dhiki, njoni mjinunulie siha!" Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, mama mboga wa kwenu huwaita wateja hivyo?" Akacheka, akajifunika uso kwa kiganja, kisha akaita jinsi waitavyo sokoni: akishusha bei, akimsifu huyu, akimkumbusha yule deni la juzi. Wenzake wakavunjika mbavu. Nikamgeukia rafiki yangu. "Daktari," akaniambia, "hayo ni mazuri, lakini mswada umekwisha kulipiwa."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, isimujamii imekuwa ikitengewa alama 10, na wanafunzi wetu huzimeza sifa za sajili kama vidonge: lugha ya sokoni ina chuku, ina kupatana bei, huchanganya ndimi. Wanazijua kwa orodha. Msichana yule alikuwa nazo zote kinywani mwake, ila hapakuwa na aliyezihitaji. Anayetunga tamthilia hawezi kuwafanya hakimu, nyanya na utingo wazungumze kwa sauti moja. Hana budi kutega sikio nyumbani, kituoni na kanisani, kisha arudi kuandika, afute, aandike tena. Kazi hiyo ya kusikiliza ndiyo tunayomlipa mgeni aifanye kwa niaba ya watoto wetu.

Wala si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1977, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipoandaa Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua waliusikiliza mswada wakausahihisha. Waliokuwa wasomi wa chuo kikuu walifundishwa lugha na watu ambao wengi wao hawakuwa na shahada yoyote. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka uo huo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Au pengine si nyingine sana. Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru kuigiza Echoes of War kwa amri ya Mahakama Kuu, kama ilivyoamuriwa mwaka 2013 kuhusu Shackles of Doom. Vitoa machozi vikafyatuliwa karibu na ukumbi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Haki yao ya kuigiza naitetea bila kigugumizi. Lakini michezo yote miwili ilitungwa na Cleophas Malala, mtu mzima aliyekuja kuwa mwanasiasa, na katika mabishano yote yale sikumsikia hata mmoja akiuliza wasichana wenyewe wangaliandika nini. Wakubwa walibishana na wakubwa wenzao, moshi ukafuka karibu na watoto.

Yamkini mkuu wa shule atanijibu kwamba mswada wa mwanafunzi hauleti kikombe. Kweli, huenda usilete mwaka wa kwanza, wala wa pili. Tangu Januari 2026 tunao wanafunzi wa Gredi ya 10 katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Itakuwa ajabu iwapo hao nao watafundishwa kukariri tu. Tamasha na litenge kitengo cha michezo iliyotungwa na wanafunzi, na waamuzi wawaite watunzi mbele wawahoji: kwa nini mhusika huyu amesema hivi? Mwalimu abaki kuwa mhariri. Aliyekariri kazi ya mwingine atajulikana kabla ya swali la tatu.

Sisemi haya kama mtu asiye na doa. Nilipokuwa nikitafuta karo ya shahada ya uzamili, niliiandikia shule moja mchezo kwa malipo, nao ukafika hatua ya mkoa. Wakati wa mazoezi kijana mmoja alinijia na karatasi yake, akaniuliza mstari aliopewa una maana gani. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia aukariri kwanza, maana ataijua baadaye. Sikurudi tena katika shule hiyo.