Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu: Kinna Pia Yahitaji Fundi wa Vyombo

Mtu akikaa barazani Mombasa au Lamu akasema Kinna yahitaji mashua, wengi wetu tutacheka. Kinna iko kaunti ya Isiolo, upande wa Garba Tula, mpakani mwa Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Ni nchi ya Waborana, Waislamu wenzetu, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Habari tulizozoea kusikia kutoka huko ni za ukame, mizoga ya mifugo na akina mama wanaotembea masafa kutafuta maji. Chombo cha majini na Kinna vinahusiana wapi?

Kicheko hicho si kipya. Surat Hud imetusimulia jinsi wakuu wa kaumu ya Nabii Nuhu (a.s.) walivyokuwa wakimpitia na kumkejeli alipokuwa akiunda jahazi. Sisi watu wa mwambao, tunaojisifu kuijua bahari, tusiwe wa kwanza kuucheka uundaji wa nchi kavu.

Tazameni miaka ya karibuni. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikwisha. Kisha Oktoba hadi Desemba 2023 ikaja El Niño, na ardhi ileile iliyopasuka kwa kiu ikafunikwa na maji. Kabla watu hawajajikusanya, masika ya 2024 yakarudia. Tarehe 28 Aprili 2024, karibu na Madogo, kaunti ya Tana River, barabara ya kwenda Garissa ikiwa chini ya maji, boti iliyobeba abiria ilipinduka. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi makwao. Na kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likipeleka watu harusini lilizama katika mto Enziu, Mwingi, likaua watu zaidi ya 30. Wote hawa walikufa maji mbali na bahari.

Wazee wetu walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtu wa Kizingitini maji ya kiunoni ni ya kuvua pweza. Kwa mtoto wa mfugaji ambaye hajawahi kujifunza kuogelea, maji hayo hayo ni mauti.

Mto hauulizi kama kwako kumenyesha

Jina lenyewe la sehemu kadhaa za huko linatosha kutukumbusha. Kwa Kiborana, "malka" ni mahali pa kuvukia au kunyweshea mtoni, na ndipo lilipotoka jina la Malka Daka, katika eneo la Garba Tula. Rapsu, jirani ya Kinna, kuna mashamba ya kumwagilia. Kaskazini zaidi, mto Ewaso Nyiro huteremka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukapita Isiolo hadi kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Kwa hivyo mvua inaweza kunyesha mbali, mlimani, na mafuriko yakamfikia mtu aliyelala chini ya anga lenye nyota. Na kuna laga, vile vijito vikavu ambavyo hupitiwa na pikipiki asubuhi na jioni vikang'oa mti.

Maji yakija, kijiji hubaki kisiwa. Mjamzito hawezi kufika zahanati na mgonjwa wa sukari hapati dawa yake. Wakubwa huzungumzia helikopta na boti za injini kutoka mbali, na zinapofika, zikifika, siku mbili tatu zimeshapita. Hizo siku mbili za kwanza ndizo zinazoua, na ndizo ambazo chombo kidogo kilichoko kijijini kingefaa.

Jamaa yangu anayefundisha upande huo aliniuliza swali karibuni. Kijana seremala, anayejua kutengeneza milango na vitanda, anaweza kuunda mashua ndogo nyuma ya nyumba yake? Niliuliza mafundi wa huku kwetu kabla ya kumjibu. Jibu ni ndiyo, ila si mashua yoyote na si kwa kazi yoyote.

Chombo gani?

Jambo la kwanza ambalo Mpwani angekosea ni kupeleka Kinna chombo cha Lamu. Mashua yetu ya mbao huundwa kwa mkuku, mataruma na mbao zilizopangwa ubavuni, kisha nyufa zikatiwa kalafati ya pamba na mafuta. Chombo hicho huishi kwa sababu kinakaa majini. Mbao hunywa maji, zikavimba, zikabanana. Kiweke Kinna juani miezi kumi na mbao zitakauka na kuachana, kalafati ikadondoka. Siku ya mafuriko utashusha tenga badala ya chombo. Mtumbwi wa gogo nao hupasuka kwa jua kali. Tena gogo kubwa litatoka wapi? Miti mikubwa ya kando ya mto ndiyo inayoshikilia kingo zake, na msitu wa mbugani haukatwi.

Kinachofaa ni kihori cha plaiwudi chenye sitini bapa, yaani kitako kipana kisichochongoka. Plaiwudi iwe ile inayostahimili maji, maungio yafungwe kwa gundi ya epoksi na utepe wa faiba, na mbavu chache zitokane na mbao za kawaida zinazouzwa Maua na Meru. Seremala wa vitanda tayari ana msumeno, randa na keekee. Anachokosa ni vipimo.

Na vipimo si siri. Chukua kihori ambacho kitako chake kina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 1.1. Kikizama sentimita 10 kimesukuma takriban lita 385 za maji, nayo ni kilo 385. Kihori chenyewe kikiwa na kilo 80, kimebakiwa na nafasi ya kilo 300 hivi: watu wazima wanne na mzigo mdogo. Ubavu ukiwa na kimo cha sentimita 45, zimebaki 35 juu ya maji. Hapo pana amani. Sasa pakia watu kumi. Uzito unapanda hadi kilo 780, kihori kinazama sentimita 20, ubavu umebaki 25, na mmoja akisimama kwa hofu, wote wameinamia upande wake. Mtu wa tano na kuendelea haongezi uzito tu, huongeza mtikisiko. Idadi hiyo basi iandikwe kwa rangi ubavuni: watu wanne.

Kuna jambo jingine ambalo mabaharia wetu hulisahau wakienda bara. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, kwa takriban sehemu 25 katika 1,000. Chombo chenye mzigo uleule kitazama zaidi kidogo mtoni kuliko baharini. Tofauti ni ndogo, lakini kwa chombo kilichojazwa pomoni, hata kidogo hicho kina hesabu yake.

Kisha kuna maboya. Mtungi wa plastiki wa lita 20 uliofungwa vizuri humwinua mtu kwa takriban kilo 19. Mitungi minane ikikazwa chini ya viti, kihori kilichojaa maji hakitaenda chini, na waliomo watakuwa na cha kushika. Kila nyumba ya Kinna ina mitungi hiyo. Kiangazi kihori kifunikwe kwa kukigeuza, juu ya mawe ili mchwa wasikipande, chini ya kivuli.

Hatari ni ya kweli

Watakuwepo wanaosema kuwa kuwafundisha watu wasiojua kuogelea kuunda vyombo ni kuwachimbia kaburi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Boti ya Madogo ilikuwa chombo, na watu walikufa ndani yake.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Maji ya laga inayoshuka kwa kishindo hayavukwi, si kwa basi, si kwa kihori, si kwa jahazi la nahodha mkongwe. Maji hayo hubeba magogo na mawe, na kingo huporomoka. Kihori ni cha maji yaliyotulia, yale yanayozingira nyumba na mashamba baada ya kishindo kupita. Anayefundisha kuunda lazima afundishe na hili, na lifundishwe kabla ya kupigwa msumari wa kwanza. Na pale mtoni penye mamba na viboko, wenyeji ndio walimu, si sisi.

Watu huingia majini hata pasipo chombo cha maana. Wasipokuwa na kihori kilichopimwa watafunga mapipa, watapanda magari yasiyofaa, watamlipa mwenye boti anayejaza abiria ishirini. Hatari ipo tayari. Swali ni kama tutaipunguza.

Ujuzi wetu unakwisha nasi tunatazama

Hapa ndipo shida ya Kinna inapokuwa shida yetu. Fundi wa kwenda kufundisha huko atatoka wapi? Matondoni, kijiji cha Lamu kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo, bado kina mafundi, lakini mvi ni nyingi kuliko vijana. Mbao ngumu ni ghali na haziko karibu. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu nayo iliguswa, ingawa baadaye kaunti hiyo ilifunguliwa. Lamu ina takriban asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya, na kwenye matawi yake yaliyopinda ndiko hutoka mataruma mazuri. Sipingi kuhifadhi mikoko, kwani bila mikoko hakuna samaki. Ninachosema ni kwamba fundi alikatiwa malighafi na hakuna aliyemuuliza atafanya nini kesho.

Tunajua ujuzi ukifa hali huwa vipi. Mtepe, chombo cha babu zetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulitoweka mwanzoni mwa karne iliyopita. Ulipotakiwa kuundwa tena kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, hapakuwa na fundi hai aliyewahi kuuunda. Ilibidi kujifunza upya kutokana na mifano midogo. Bandu bandu huisha gogo.

Upande wa pili kuna dalili njema. Flipflopi, jahazi lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 na kuundwa kwa plastiki iliyookotwa na maelfu ya ndara kuukuu, lilisimamiwa na fundi wetu Ali Skanda, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Mbao zilibadilika, ujuzi ukabaki ule ule. Fundi aliyeweza kuunda jahazi kwa taka hatashindwa na plaiwudi.

Nini kifanyike

Kwanza, fundi atambuliwe. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na NITA hupima mafundi na kuwapa vyeti. Seremala wa nyumba anaweza kupata cheti, na fundi wa vyombo naye asafishiwe njia. Mzee aliyeunda mashua arobaini asiitwe asiyesoma na kijana aliyetoka chuoni jana, na asikose kazi ya kufundisha kwa kukosa karatasi.

Pili, kaunti za Lamu, Kilifi, Kwale na Mombasa zizungumze na Isiolo, Garissa na Tana River. Fundi mmoja kukaa Kinna wiki sita, akaunda vihori vitatu pamoja na maseremala watano wa huko, hakuhitaji bajeti ya helikopta. Ukanda wa LAPSSET umeiunganisha Lamu na Isiolo kwenye ramani za serikali kwa miaka mingi. Wavuvi wetu takriban 4,600 walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe Sh1.76 bilioni kwa hasara ya bandari hiyo. Kama ukanda unaweza kupitisha makontena, uweze kupitisha pia fundi na sanduku lake la zana.

Tatu, sheria ifuate. Mamlaka ya KMA haisimamii bahari peke yake, vyombo vya maziwani na mitoni pia vimo chini yake. Kihori cha kijiji kikaguliwe, kiandikishwe, na kila aliyemo avae jaketi ya kujiokolea. Lakini ukaguzi uende Kinna. Usimtake seremala wa Kinna apande magari matatu kufuata muhuri Mombasa. Masharti yasiyofikika huzaa vyombo vya kujificha.

Nne, watoto wafundishwe kuelea. Sisemi waogelee kama watoto wa Shela. Kulala chali juu ya maji kwa dakika chache, na kujua kushika mtungi mtupu, kunaweza kuwa tofauti ya maisha na mauti. Walimu wa jambo hilo tunao tele, wamekaa gatini wakisubiri kibarua.

Masika yatakuja, yawe mazito au mepesi, Mungu ndiye ajuaye. Kihori kimoja cha plaiwudi chaweza kumalizika ndani ya wiki mbili, gundi ikipewa muda wa kukauka. Anayetaka kukiona kikiwa tayari kabla ya mvua aanze kuitafuta plaiwudi sasa, wakati barabara ya Maua ingali kavu.