Cheni yako, roho yako

Wadau, leo nina hasira, na najikasirikia mwenyewe. Kati ya Nangurukuru na Kilwa Masoko cheni ya pikipiki yangu ilikatika, ikakaba gurudumu la nyuma. Nimepona kwa kudra za Mungu. Digrii ninayo, spana siijui. Kila kitu namsubiri fundi. Jamani, chumvi na mchanga wa pwani havimsubiri fundi! Kuisugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kuipaka oili, kupima ulegevu wake usizidi sentimita 3, ni kazi ya robo saa tu. Meno ya sproketi yakichongoka, hapo sawa, mlipe fundi abadilishe seti nzima. Lakini kulipia kupakiwa oili? Huo si ustaarabu, ni uvivu. Nawasilisha.