Hiyo UPS inayolia, usiinyamazishe

Wewe mwenye saiba, duka la M-Pesa au studio ndogo ya video, hebu nikuulize: hicho kisanduku chini ya meza kinacholia "pii, pii" tangu mwezi jana, umekifanyia nini? Najua. Ulibonyeza kitufe, kikanyamaza, ukaendelea na kazi.

Hata mimi nilifanya hivyo hapa Waa. UPS yangu ililia wiki tatu na stima iko. Nikaona ni kelele tu, nikaizima. Jioni moja binti akaja kuomba mkopo wa chuo, siku ya mwisho, mwisho wenyewe saa kumi na moja. Saa kumi na dakika arobaini stima ikapotea. UPS haikushika hata sekunde tano. Tukakimbilia simu, lakini vyeti tulivyoskani vimo ndani ya kompyuta. Stima ilirudi saa moja usiku. Binti akasema, "Si neno, kaka," akaenda zake. Mimi mwenyewe niliacha chuo kwa kukosa karo. Ile "si neno" naisikia mpaka leo.

Rahisi kulaumu stima. Lakini Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilipoingia giza, hata JKIA jenereta ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Shida si kukosa cha akiba tu. Shida ni kuwa na cha akiba usichokijua hali yake.

Basi jifunze kuisikiliza. Kampuni zinatofautiana, ila nyingi ziko hivi. Stima ikipotea na UPS ikalia polepole, inatumia betri: hifadhi kazi yako. Ikilia mbio mbio, zima mashine sasa hivi. Ikilia na stima iko, shuku betri, au umeipa mzigo kupita uwezo wake. Printa ya leza itoe hapo, inakula umeme sana.

Kisha ijaribu. Ichaji usiku kucha, asubuhi hifadhi kila kitu, zima soketi, hesabu dakika. Ikikata papo hapo, betri imekwisha. Ikiwa zimo kadhaa, badilisha zote pamoja. Moja mbovu huzivuta nyingine. Ukiona imevimba, usiichokonoe, mwite fundi.

Na usidanganywe na umri ulioandikwa kwenye boksi. Betri hizi za risasi hupenda joto la nyuzi 20 hadi 25. Likizidi kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Sasa fikiria chumba cha mabati huku Pwani, na chumvi ya bahari inayokula vichwa vya nyaya. Iweke penye hewa, mbali na jua.

Ile iliyokufa usiitupe jaani wala kumpa mtu aiyeyushe uani. Hapo ng'ambo ya feri, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha watu kwa risasi, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni.

Mteja akikaa mbele ya kompyuta yako, amekukabidhi siku yake. Kwa hivyo leo kabla hujafunga, zima soketi uhesabu. Bora uaibike peke yako kuliko mbele ya mtu ambaye hana kesho nyingine.